Mtoto aliyeambiwa

 

Wale mlioniomba niendelee na somo la homa na degedege, nivumilieni mpaka wiki ijayo. Leo nataka kuongelea muvi. Msicheke. Nesi naye ni mtu, akivua gauni lake jeupe anakaa kwenye kochi na bisi zake kama nyie. Muvi yenyewe ni Wakanda Forever, ile ya pili ya Black Panther, iliyotoka Novemba 2022. Nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza nililia gizani ukumbini. Mara ya pili, Pasaka hii iliyopita, niliiona na watoto sebuleni, na kuna jambo lilitokea ambalo ndilo limenikalisha chini kuandika haya yote wakati kesho nina zamu ya usiku.

Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa, ishia hapa, maana mimi nasimulia mpaka mwisho, na mwisho wake ndio wenye maneno.

Mjue kwanza kwamba mimi kwa Wakanda si mtu wa kupita njia. Ile ya kwanza niliiona mwaka 2018 na kaka yangu, Mungu amrehemu. Alinilipia tiketi, akaninunulia na soda, tukatoka mle ukumbini tumefunga mikono kifuani kama watu wa Wakanda, na watu kituo cha daladala wakawa wanatushangaa. Mtu mzima na mkewe na mtoto, anafanya vile barabarani! Ndivyo alivyokuwa. Tulijisifu kama vile ile nchi ni yetu: Lupita ni wa kwetu hapa Kenya, Florence Kasumba yule mlinzi mrefu wa malkia kazaliwa Kampala, Danai Gurira ana asili ya Zimbabwe na amekulia huko. Tuliposikia kwamba Kisumu nako walifanya uzinduzi wake, kaka alisema nao wangetukumbuka na sisi Tanga.

Baadaye figo zake zikagoma. Akawa mtu wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2020 ndipo habari ilipotufikia kwamba Chadwick Boseman, yule aliyeigiza Mfalme T'Challa, amefariki usiku wa kuamkia siku ile kwa saa za kwetu. Ni kaka aliyenitumia ujumbe, akiwa amelala palepale kwenye mashine. Aliandika hivi tu: "Kumbe na mfalme alikuwa mgonjwa."

Alikuwa mgonjwa kweli, na karibu dunia nzima haikujua. Aligundulika na kansa ya utumbo mpana mwaka 2016, ikiwa imeshafika hatua ya 3, yeye ana miaka 39. Black Panther yenyewe ilipigwa picha baada ya hapo. Yale mapigano, ule mwili, zile mbio, mtu ana kansa. Mwaka 2018 alihojiwa akasimulia habari za watoto wawili wenye kansa waliokuwa wakijikaza wafike siku muvi itakapotoka, na hawakufika, akashindwa kuendelea kuongea akalia. Waliomwona walidhani analilia wale watoto tu. Alifariki na miaka 43. Hata Ryan Coogler, mwongozaji wake, alisema hakuwa anajua undani wa ugonjwa ule.

(Hapa unesi wangu unaniwasha, niacheni niseme mara moja tuendelee. Damu kwenye choo si bawasiri kila mara. Choo kikibadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, mara kigumu mara laini, ukapungua uzito, ukachoka, ukaambiwa damu imepungua na hedhi yako ni ya kawaida, nenda kapimwe, na useme wazi kwamba umeona damu. Msione aibu, sisi choo tunakizungumza huku tunakunywa chai. Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima watu wasio na dalili yoyote, kutoka miaka 50 hadi 45. Ukiwa na dalili, wewe usihesabu umri.)

Kaka yangu alifuata Juni 2021.

Kwa hiyo mnaelewa niliingia ukumbini mwaka 2022 na mzigo gani. Nilikwenda na mwenzangu wa wodini, tumetoka zamu ya usiku, tumelala saa nne, macho mekundu kabla hata muvi haijaanza. Niliogopa jambo moja, kwamba watakuwa wamemweka mtu mwingine avae ile nguo nyeusi. Wapo mashabiki waliotaka hivyo, wakasema T'Challa ni mkubwa kuliko mwigizaji mmoja. Waliotengeneza walikataa. Mfalme amekufa, basi amekufa. Mimi niliwapigia makofi kwa hilo. Ningeona sura nyingine mle ndani ya ile kofia ningetoka nikadai hela yangu.

Muvi inaanza gizani, sauti tu. Shuri, mdogo wake T'Challa, anaomba. Anamwambia mungu wao kwamba akimponya kaka yake hatamtilia shaka tena. Halafu tunamwona yuko maabara, anahangaika na mashine kutengeneza ule mmea wenye umbo la moyo, ambao kwenye muvi ya kwanza ulichomwa moto wote. Anaamini akiupata, kaka anapona. Anakimbia huku na huku, mashine zinamjibu hapana, anajaribu tena. Mama yake, Malkia Ramonda, anaingia taratibu. Sikuhitaji asikilizwe. Nimeuona ule mwendo mara nyingi mno kwenye korido ya wodi saa kumi alfajiri. Mtu anayekuja na habari ile hakimbii. T'Challa ameshakufa, na hatukumwona hata kidole.

Mwenzangu akanishika mkono. Sisi wawili tunajua kitu kimoja kuhusu wodi, na hapa nawaambia na nyie. Mgonjwa akiwa mahututi ndugu hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaokaa na kuna wanaokimbia. Anayekaa ameshika mkono, anafuta jasho, anasoma dua. Anayekimbia anatafuta dawa ambayo haipo, anapigia simu daktari wa rafiki yake, anauza shamba, anatafuta chupa ya damu. Wote wanapenda. Lakini nimeona zaidi ya mara moja anayekimbia akirudi na mfuko wa dawa mkononi na kukuta shuka limeshafunika uso. Huyo ndiye tunayempa kiti na maji haraka, maana ndiye anayeanguka. Shuri alikuwa anakimbia. Muvi nzima ya saa mbili na dakika arobaini inatokana na hapo: kwamba mtoto huyu mwenye akili kuliko wote hakuwepo kitandani kwa kaka yake, na kaka mwenyewe aliumwa kimya mpaka alipokuja kumwambia amechelewa.

Yakaja mazishi. Wakanda wote wamevaa nyeupe, kuanzia bibi mpaka mtoto. Sisi tumezoea nyeusi, au khanga tu za msibani, lakini ile nyeupe, na ngoma, na watu wanacheza huku wanalia, niliielewa bila mkalimani. Likafuata lile jambo la nembo ya Marvel. Kwa kawaida inakuja na muziki mkubwa. Safari hii ilikuja kimya, na ndani yake ni picha za Chadwick peke yake. Ukumbi mzima ulinyamaza. Bisi hazikuliwa. Kuna kijana nyuma yetu, mkubwa tu na ndevu zake, nilimsikia anavuta pua.

Sasa bwana, mwenzangu ni mtu wa Pwani haswa, msibani anajua nani alikuja na nani hakuja. Akaninong'oneza: "Nakia yuko wapi? Mchumba gani huyu hakuja kuzika?" Nikamwambia nyamaza. Lakini kweli, Nakia, yaani Lupita, hakuonekana. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Katikati sitawachosha. Kuna watu wanaoishi chini ya bahari, wana asili ya Wamaya kule Mexico, na mfalme wao Namor ana mabawa kwenye vifundo vya miguu. Kuna mwanafunzi wa Kimarekani mwenye kipaji cha kuunda mashine. Kuna yule mzungu wa CIA, ambaye kwa maoni yangu wangemwacha nyumbani kwake, tukapunguza dakika ishirini. Vita ya meli baharini mwanangu aliipenda, mimi niliitumia kujibu ujumbe.

Kuna mambo mawili ya katikati ambayo sikuyaacha. La kwanza, mwaka mmoja baada ya msiba, Malkia anampeleka Shuri porini kando ya mto. Kwa desturi yao, wakati umefika wa kuchoma nguo za mazishi, kama sisi tunavyoanua matanga. Shuri hataki. Anasema akikaa chini kumfikiria kaka yake kwa muda mrefu, ataichoma dunia nzima na si nguo tu. Mama anasema kuna jambo anataka kumwambia kuhusu kaka yake. Na kabla hajalisema, Namor anatokea majini. Neno likabaki mdomoni.

La pili, mama huyo anakufa. Maji yanaingia ikulu, anamwokoa yule mwanafunzi, yeye anazama. Angela Bassett kwa kazi ile alipewa Golden Globe Januari 2023, halafu Oscar wakampa Jamie Lee Curtis. Sijawasamehe. Lakini mnaona kilichotokea: mama amekufa na lile neno. Nilikaa pale nikasema moyoni, Mama, si ungesema tu. Hatuna kesho ya uhakika sisi.

Mwisho Shuri anakwenda Haiti, alikohamia Nakia, anawasha moto ufukweni, anachoma nguo yake nyeupe, na kwa mara ya kwanza anakaa chini anamkumbuka kaka yake bila kukimbia. Picha zake zinakuja bila sauti. Majina yakaanza kupanda, watu wakaanza kutoka ukumbini, kama kawaida yetu. Mimi na mwenzangu tukabaki, kwa sababu ukishakuwa shabiki wa hizi muvi unajua hazijaisha.

Nakia anatokea pale ufukweni na mtoto wa kiume, wa kama miaka 6 hivi. Anaeleza. T'Challa ndiye aliyetaka wasije kwenye mazishi. Aliwaandaa kwa kifo chake, mama na mtoto, mapema, na wao wakafanya ibada yao wenyewe hukohuko Haiti. Mtoto anajitambulisha kwa jina la Toussaint, kama yule shujaa wa uhuru wa Haiti, halafu anasema siri yake: jina lake la pili ni T'Challa, mwana wa Mfalme T'Challa. Anaitamka hivyo wazi, uso umetulia, kama mtoto anayekutajia jina la shule yake.

Mwenzangu akasema, "Basi nimemsamehe Lupita." Tukatoka. Kwenye bajaji sikuongea kitu. Nilikuwa nahesabu. Shuri, mtu mzima, mwanasayansi, hakuambiwa kwa wakati, alivunjika akataka kuua. Malkia aliyejua kila kitu hakusema, akafa nalo. Kwenye familia nzima ile aliyesimama wima ni mtoto wa miaka 6, maana yeye peke yake ndiye baba alikaa naye chini akamwambia.

Sasa nije kwenye Pasaka.

Kaka yangu aliacha mtoto mmoja wa kiume. Hapa nitamwita Babuu. Msiba ulipotokea alikuwa na miaka 6 na nusu. Wazee walikaa wakaamua mtoto asiambiwe. Akapelekwa kwa jirani mpaka tulipomaliza kuzika, kisha akaambiwa baba amesafiri, yuko Afrika Kusini, anatafuta maisha. Mimi nilisema neno langu kwenye kikao, nikajibiwa na baba yangu kwamba unesi niuache hospitali. Simlaumu mzee. Alikuwa anamzika mwanawe wa kwanza, na yeye alilelewa hivyohivyo, watoto hufukuzwa msibani wakacheze mbali. Na wifi yangu hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Basi, ikawa Afrika Kusini. Mwaka wa kwanza, wa pili unakwenda. Mtoto haulizi. Watu wakasema mnaona, amesahau.

Pasaka akaja kwangu Dar kukaa wiki mbili na wanangu. Mume wangu akaja na muvi kwenye flashi, ile iliyotafsiriwa na DJ kwa Kiswahili. Mnawajua hawa ma-DJ, hawanyamazi. Hata mtu akifungua mlango tu, DJ anakwambia anafungua mlango. Nilimpigia wifi nikamwambia muvi inaanza na msiba, nikamuuliza kama niwawekee. Akakaa kimya, kisha akasema, "Wifi, wewe upo, waache waone." Nikakaa nao, rimoti mkononi, kwenye mapigano makali ya damu nikawa nasogeza mbele.

Kwenye mazishi Babuu aliuliza kwa nini wamevaa nyeupe. Nikamjibu ni desturi yao mtu akifa. Ilipofika ile nembo ya kimya, haki ya nani, hata DJ alinyamaza. Babuu akasogea akaja kunilalia begani. Sikusema kitu.

Ikaenda mpaka mwisho. DJ akatuaga, akataja na namba zake za simu, akaondoka zake, kwa hiyo kile kipande cha Haiti ilibidi nikitafsiri mimi. Nikatafsiri polepole. Huyu ni mtoto wa mfalme. Baba yake alikuwa anaumwa. Baba yake alijua atakufa, akamwambia mapema, ili siku ikifika asishtuke.

Wanangu wakawa wanabishana kama yule mtoto naye atakuwa Black Panther. Babuu akaangalia kioo, akasema taratibu tu:

"Kumbe yeye aliambiwa."

Mama zangu, nimeshika maiti nyingi kwa mikono hii. Sijawahi kutetemeka vile.

Nikawatuma wanangu nje wakanunue barafu. Nikamuuliza, "Na wewe Babuu, unajua nini?" Akaniambia, "Shangazi, mimi najua baba amekufa. Mtu akisafiri anaondoka na simu yake. Simu ya baba anayo mama, kwenye kabati." Nikamuuliza tangu lini anajua. Tangu zamani, akasema, tangu alipoona baba mdogo amevaa viatu vya baba. Nikamuuliza kwa nini hakuuliza. "Mama angelia."

Yaani mtoto wa miaka 6 alibeba msiba peke yake karibu miaka miwili ili kumlinda mama yake. Na mama upande wa pili anambebea yeye. Wote wawili nyumba moja, kila mtu anajifanya kuna mtu Afrika Kusini.

Nilimwambia ukweli kwa maneno ya kawaida. Ndiyo, baba amekufa. Figo zake, zile zinazosafisha damu, ziliacha kufanya kazi, madaktari wakajitahidi sana, mwili ukashindwa. Harudi. Si kwa sababu ulikuwa mtukutu, si kwa sababu ulimkasirisha. Hapo ndipo alipolia. Mpaka leo sijui alichokuwa anakifikiria, lakini alilia kwenye lile neno la utukutu, si kwenye neno la kufa. Alilia dakika kama kumi, kisha akauliza kama barafu yake imeletwa, akatoka kwenda kucheza mpira. Msishangae hilo. Mtoto huomboleza kwa vipande. Atalia, atacheza, kesho atauliza swali lilelile. Mjibu lilelile.

Mtaniuliza umri. Mtoto wa miaka 3 au 4 haelewi kwamba kifo hakirudi nyuma, utamwambia leo na kesho atauliza babu anakuja lini. Si kwamba hukumweleza vizuri, ndivyo akili yake ilivyo kwa sasa. Wa miaka 6, 7, 8 anaanza kuelewa, na huyo ndiye anayejitafutia makosa. Kwa wote tumieni neno lenyewe: amekufa. Ukimwambia babu amelala, usiku utamwona anaogopa kulala, na wewe ukijilaza mchana atakuja kukufungua macho kwa vidole, nimeletewa watoto wa hivyo na mama zao wanadhani ni mchawi. Ukimwambia Mungu amempenda zaidi akamchukua, atamwogopa Mungu. Imani zenu wafundisheni, mbingu waambieni, mimi mwenyewe nimemwambia Babuu tutamwona tena baba yake. Lakini lisemwe kwanza lile la mwili, kwamba umeacha kufanya kazi, haupumui, hauumii.

Na kama mgonjwa bado yupo hai, ndiyo rahisi zaidi, ingawa haionekani hivyo. Mleteni mtoto amwone kama hospitali inaruhusu. Mwambieni kabla ya kuingia atakachokiona: kuna mpira puani, mkono una sindano, baba amekonda, anaweza asiongee. Akikataa kuingia msimlazimishe. Akitaka kuondoka baada ya dakika mbili, aondoke. Na wewe mgonjwa, kama nguvu ipo, sema mwenyewe. Kaka yangu alikuwa na nguvu hiyo mpaka wiki tatu za mwisho. Angeweza kumfungia mtoto wake mikono kifuani na kumwambia. Hakuna aliyempa nafasi, kila aliyeingia chumbani alimwambia utapona, na yeye akawa anatuitikia.

Usiku ule nilimpigia wifi yangu. Nilimsimulia yote, mpaka ya simu kwenye kabati. Alilia nikamwacha alie. Akasema jambo moja, kwamba kila mwezi alikuwa anaichaji ile simu usiku Babuu akiwa amelala, aone picha. Asubuhi aliomba aongee na mwanawe. Niliwaachia simu nikaenda jikoni. Waliongea saa nzima, na nilimsikia Babuu anacheka mara mbili.

Baba yangu naye nimemwambia. Mzee alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza mtoto anataka nini sasa. Nikamwambia anataka kuona kaburi. Akasema basi atafyeka majani kabla hatujafika.

Tunakwenda Muheza Jumamosi hii, nimeshabadilishana zamu. Wifi anatoka Tanga na ile simu, Babuu anataka picha moja isafishwe aiweke kwenye daftari. Ameniuliza kama lazima avae nyeusi. Nimemwambia avae anachotaka. Amechagua fulana nyeupe.

Maswali yenu wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Na wale wa degedege, nimesema wiki ijayo, sijasahau.